Mgeni wa Ziwani na Ale Ufuoni

Mwandani wangu mmoja wa Mombasa, aliyejaaliwa likizo na senti za kutumia, alinijia juzi na swali. Akenda Kisumu na visiwa vya Ziwa Viktoria, ale wapi? Alikuwa amesoma habari za visiwa vya Bahari ya Mediterania, jinsi wageni wanavyoketi bandarini wakala samaki wa asubuhi ile ile, naye akataka kujua kama sisi tunacho cha mfano huo. Nikamwambia tunacho, tena tele, ila sisi wenyewe ndio tunaokionea haya.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinifika. Safari moja nilishukia hoteli ya fahari mjini Kisumu, maji ya ziwa nayaona dirishani. Nikaagiza samaki. Nikaletewa kipande cheupe, hakina mwiba, hakina kichwa wala mkia, na ndimu kando. Nikamwuliza mhudumu, "Huyu katoka wapi?" Kijana akainama, akasema ametoka kwenye friji. "Na wewe leo utakula wapi?" Akajibu, "Dunga, mzee."

Kesho yake nikaenda Dunga. Ni ufuo wa wavuvi, kusini ya mji, kando ya kinamasi cha mafunjo. Mashua hutia, ngege hutolewa nyavuni, akina mama wakampara magamba, wakamchanja mbavuni na kumtosa katika karai la mafuta. Huja mzima, na sima na sukuma wiki, ukanawa mikono ukala. Mimi niliyelelewa kwa tui la nazi nilidhani samaki asiye nazi ni yatima. Naam, nilikosa, na ninatubu mbele ya wasomaji.

Lakini pana jambo zito kuliko utamu. Katika miaka ya 1950 mbuta alitiwa katika ziwa hili, akanenepa kwa kuwala fulu na samaki wadogo wa asili. Baadaye vikaja viwanda, minofu ikasafirishwa Ulaya, hata nchi za kando ya Mediterania. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa kuhofia sumu iliyotumiwa kuvulia, mtikisiko ulifika hadi kwenye ngalawa. Na wenyeji walibakishiwa nini? Mifupa! Huko Obunga, mtaa wa maskini wa Kisumu, akina mama wamekuwa wakiikaanga na kuiuza, nayo huitwa mgongo wazi. Sijui mshairi gani angepata jina lenye uchungu kuliko hilo. Basi huenda mtu akapanda ndege kwenda kisiwa cha mbali, akalipa fedha nyingi, akatengewa mnofu wa Kisumu!

Upande wa pili, samaki waliogandishwa kutoka Uchina wakaja kuuzwa hata mjini Kisumu kwenyewe, jambo lililozusha kelele kubwa nchini mwaka 2018. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hilo, na midomo ni mingi. Ndiyo maana nasema mahali pa kula si suala la tumbo peke yake. Shilingi utakayompa mama wa karai ufuoni inafika nyumbani kwa mvuvi kabla ya jua kuchwa.

Wako watakaosema ufuoni pana nzi na uchafu. Sikatai, pengine wapo. Lakini macho tumepewa ya kutazamia. Samaki mbichi ana jicho angavu na shavu jekundu, nawe unamwona kabla hajaingia motoni. Wa hotelini umemwona wapi? Badala ya kuwakimbia akina mama hao, tuwadai wakuu wa miji wawapatie maji safi, vivuli na vyoo. Na mgeni naye awe na adabu: mbuta aliye chini ya sentimita 50 sheria inamkataza kuvuliwa, basi usimnunue kwa kuwa ni rahisi.

Aliye na siku za ziada na afike Mbita, avuke daraja hadi Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, kisha apande mashua kwenda Mfangano. Huko atakuta omena wameanikwa juani, wakipikwa kwa nyanya na kitunguu. Asiulize orodha ya vyakula. Aulize, "Leo kumevuliwa nini?" Hilo ndilo swali la mla samaki, Lamu na Rusinga sawasawa.

Mwandani wangu amekwisha kata tiketi. Nimemsihi asibebe nazi.