Bibi auze kiwanja ili mjomba anunue chumba Dubai?



Najua nimepotea. Wiki mbili za majaribio darasani, halafu Ijumaa iliyopita mama akapiga simu: "Njoo nyumbani kesho, usikose." Wanaonifahamu wanajua kwetu ni Magu, ila bibi anakaa Kisesa, pale ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma ndo unaanza kuingia wilaya yetu. Nikapanda daladala moyo unadunda, nikidhani kuna msiba. Kumbe ni kikao.

Ishu yenyewe ni hii. Mjomba wangu ni dereva Dubai, mwaka wa saba sasa. Amepata mahali pa kununua nyumba. Siyo nyumba ya kuingia kesho, ni ya kwenye ramani, jengo bado halijasimama. Ni studio, yaani chumba kimoja chenye kila kitu ndani, futi za mraba 400. Bei dirham 500,000. Ukibadilisha kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi milioni 300.

Anatakiwa aanze na asilimia 20, yaani dirham 100,000, na juu yake asilimia 4 ya bei ya kusajili kwenye Idara ya Ardhi ya Dubai, dirham 20,000. Yeye ana akiba ya 40,000. Zilizopungua ni 80,000, kama milioni 55 za kwetu. Na kuna mtu wa mjini anakitaka kiwanja cha bibi, kile cha karibu na barabara, kwa bei hiyo hiyo. Mnaona hesabu inavyotaka kufungana?

Mimi nimeitwa kwa sababu ni "msomi". Eti nisome mkataba wa Kiingereza, niwaeleze wazee, halafu Jumamosi hii niwe shahidi bibi akiweka dole gumba. Na huyu mjomba ndiye anayenilipia ada, maana mkopo wa bodi haukunitosha. Kwa hiyo mwenye kunisomesha ndiye ninayetakiwa kumpinga. Nimesoma. Nampinga. Ila ngoja kwanza nimtendee haki.

Mjomba hajatapeliwa. Mgeni kumiliki nyumba Dubai ni jambo la kisheria. Sheria Na. 7 ya mwaka 2006 inamruhusu kupata hati kamili katika maeneo yaliyotengwa. Mwaka 2007 ikaja sheria nyingine, inayotaka pesa za wanunuzi wa nyumba za kwenye ramani ziwekwe kwenye akaunti maalum ya mradi, siyo mfukoni mwa mwenye kampuni. Hayo ni mazuri na nimewaambia wazee.

Pia alisema neno pale kwenye simu likanichoma. "Ninyi mmekariri kujenga tu. Nikijenga Magu nani atapanga?" Kweli bwana. Pita barabara yetu uone mapagale ya watu walioko nje, madirisha hayana mbao, mchicha pori umeota sebuleni. Pesa imelala pale miaka kumi. Kwa hiyo sitaki kusikia hoja ya kwamba mwanaume lazima ajenge kwao. Siyo hoja yangu.

Hoja yangu ni kalamu na karatasi.

Baada ya hiyo asilimia 20, mkataba unamtaka alipe asilimia 1 kila mwezi. Hiyo ni dirham 5,000. Mshahara wake haufiki 7,000. Zinazobaki hazifiki 2,000, na humo kuna kitanda anachopanga, chakula, dawa za presha za bibi, na mimi hapa chuoni. Kodi ya mpangaji haiwezi kumsaidia, kwa sababu mpangaji hawezi kuingia kwenye ramani.

Sasa akikwama? Sheria ya kule inaipa kampuni njia ya kuvunja mkataba, baada ya taarifa na taratibu za Idara ya Ardhi. Jengo likiwa limepita asilimia 60, kampuni inaweza kubakiza hadi asilimia 40 ya bei ya nyumba. Siyo ya alicholipa, ya bei! Asilimia 40 ya 500,000 ni 200,000. Akilipa miezi 20 bila kukosa atakuwa ametoa 200,000 hizo hizo. Maana yake anaweza kulipa karibu miaka miwili, akakwama, akatoka mikono mitupu.

Na kukwama siyo kuombeana mabaya. Ukaazi wake umefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, visa nayo inaanza kuhesabu siku. Nyumba itabaki yake, ndiyo, lakini yeye atakuwa Kisesa akidaiwa 5,000 kila mwezi. Ile visa ya miaka 10 wanayoitangaza inataka mali ya kuanzia dirham milioni 2. Studio yetu ni robo ya hapo. Halafu bei za nyumba kule nazo hushuka. Mwishoni mwa 2008 ziliporomoka, na ndani ya miaka michache zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Hata akimaliza kulipa, kuna ada ya huduma ya jengo: lifti, walinzi, usafi. Mkataba unakadiria dirham 15 kwa futi ya mraba, sawa na 6,000 kwa mwaka, awe na mpangaji au asiwe naye. Kiwanja cha bibi hakijawahi kumtumia mtu bili ya namna hiyo.

Na hapa ndipo nilipokosa usingizi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hagawiwi ardhi hapa Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Tunajivunia sana hiyo sheria, tunasema ardhi yetu inalindwa. Lakini hailindi kiwanja cha bibi dhidi ya mjukuu wake mwenye Kiingereza na kalamu. Mwarabu hawezi kuja kukinunua Kisesa, ila sisi wenyewe tunakiuza ili tukamnunulie mjomba hewa ya ghorofa ya 14 isiyokuwepo bado. Na mji wa Mwanza unakuja upande wetu kila mwaka. Milioni 55 leo inaonekana nyingi kwa sababu tuna shida nayo leo.

Nilichomwambia mjomba ni hiki: nunua, lakini kwa jasho lako. Ongeza akiba, kisha tafuta nyumba iliyokwisha jengwa, hata ndogo zaidi au mbali zaidi, yenye mpangaji ndani, uone kodi yenyewe. Kama haiwezekani kwa mshahara wako, basi mshahara wako umeshakujibu. Kiwanja cha bibi kiwe nje ya hesabu, kwa sababu bibi hana mshahara mwingine wa kurudisha.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwa hiyo nimekusomesha uje unifundishe hesabu?" Simu ikakatika. Salio au hasira, sijui. Ada ya muhula ujao bado.

Jumamosi nitakwenda Kisesa, ila siendi kuwa shahidi. Nitakaa na bibi nimsomee kwa Kisukuma, neno kwa neno, kisha aamue mwenyewe. Kiwanja ni chake.

Wadau, ningekuwa mwanao ungesema nimekosea? Nawasilisha.