Usiulize Ina Ampia Ngapi

Najua kuna mafundi watanuna, lakini nitasema: pawasaplai ya ATX uliyochomoa kwa kompyuta mbovu haifai kuwa pawasaplai ya meza yako. Ni bure, ndiyo. Hata mtego huwekewa chambo cha bure.

Mimi ilinishika. Niliacha chuo, nikarudi huku Werugha, nikaweka meza ya kutengeneza simu na redio. Kila video niliyotazama ilisema chukua ATX, gusanisha waya wa kijani na mweusi, itawaka, umeokoa pesa. Nikafanya hivyo. Nikapata volti 3.3, 5 na 12, nikajiona injinia.

Halafu mama mmoja wa kabeji akaniletea sabufa yake ya volti 12, ile anatumia na sola. Ndani kulikuwa na shoti. Nikaiwasha. Moshi! Aisii ikapasuka, na njia za shaba kwenye bodi zikaungua. Nililipa sabufa nzima. Hiyo ndiyo bei ya "bure".

Mbona ATX haikujizima? Kwa sababu haikuona shida. Laini yake ya volti 12 ikiweza kutoa ampia 15, hizo ni wati 180, sawa na vyuma vitatu vya kuchomelea vya wati 60 vikiwaka pamoja juu ya bodi ya mteja. Kwake hiyo ni kazi ya kawaida. Ningekuwa na kikomo cha ampia 0.3, volti zingeshuka zenyewe, nami ningejua kuna shoti kabla ya moshi.

Na nyinyi wa upande ule mwingine, mnaosema bila mashine ya volti 30 ampia 10 wewe si fundi, tulieni. Betri ya simu ikijaa ni volti 4 na kitu tu. Ampia 10 unapeleka wapi? Ukienda dukani usiulize, "Ina ampia ngapi?" Uliza, "Naweza kuzipunguza hadi ngapi?" Kisha weka volti 5, kikomo ampia 0.5, gusanisha waya mbili. Ikitulia hapo kwa 0.5, lipa. Ikipita, rudisha.

Kama mfuko umetoboka kama wangu, kuna njia. Tafuta chaja kuukuu ya laptopu, ya volti 19. Nunua moduli ya kushusha volti yenye skrubu mbili za kurekebisha, moja ya volti, moja ya ampia. Skrubu ikiwa ni moja, wachana nayo. Ongeza kimita cha kuonyesha volti na ampia, na fiyuzi. Yangu haikufika elfu mbili. Namba za ampia zilizoandikwa kwenye hizo moduli usiziamini. Mimi hutumia nusu.

Hiyo kimita itakufunza kuliko video. Simu iliyozimwa, ukiipa volti 4 kabla hujabonyeza kitu, inafaa kusoma karibu sifuri. Ikivuta 0.2, kuna uvujaji kwenye bodi. Umeanza kupata jibu bila kubahatisha.

Watu wetu hawana simu ya pili. Anayekuachia yake amekuachia M-Pesa yake, kazi yake na watoto wake walio Mombasa. Usijifunzie juu yake bila kikomo.