Jumamosi ya Mtoto ni ya Nani?

KIGODA CHA JUMAPILI
Na Mwana Uluguru

Jumamosi alfajiri, katika karibu kila mtaa wa Dar es Salaam wenye Wakatoliki wa kutosha, kuna nyumba moja ambayo makochi yake yamesogezwa ukutani na mkeka umetandikwa katikati ya sebule. Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo inasali hapo. Juu ya meza ndogo kuna kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Watu wanavua ndala mlangoni, katibu anafungua daftari la mahudhurio, mweka hazina ana bahasha zake mapajani. Injili ya Jumapili inasomwa, kila mwenye neno analisema, kisha yanakuja matangazo: nani amelazwa, nani amefiwa, nani amejifungua na anahitaji kutembelewa, nani hajaonekana wiki ya tatu sasa.

Watoto wa chekechea wapo, wamelala mapajani mwa mama zao. Wa darasa la nne na la saba hawapo. Wako shuleni kwenye masomo ya ziada, maana mwaka huu wana mtihani wa taifa. Na si wachache kati yao wanaosoma katika shule za msingi za Kanisa hilohilo lililoiambia jumuiya ikutane Jumamosi.

Kichekesho cha hali hii huonekana vizuri zaidi inapofika zamu ya Komunyo ya Kwanza. Katika parokia nyingi za Tanzania mtoto hapokei sakramenti mpaka wazazi wake walete barua ya mwenyekiti wa jumuiya inayothibitisha kwamba familia inasali na wenzake na zaka inalipwa. Basi baba anamfuata mwenyekiti jioni, anapewa kiti, anaulizwa kwa upole: "Mtoto mwenyewe mbona hatumjui?" Baba anajibu kwamba mtoto anasoma kwa masista. Jibu hilo linatolewa kama udhuru, na mara nyingi linapokelewa kama udhuru. Safu hii inaona kwamba hapo kuna jambo limekaa upande.

Tusianze kwa kuwaonea masista. Anayetaka kujua shule ya msingi ya Kikatoliki inafanya nini vizuri asimame uwanjani saa sita kamili mchana. Kengele inalia, mpira unasimama chini ya wayo wa aliyekuwa nao, waliokuwa wakigombana bombani wananyamaza, na Malaika wa Bwana anasaliwa na watoto mia kadhaa wenye vumbi magotini. Dakika mbili baadaye mpira unaendelea, na ugomvi nao unaendelea. Mgeni akipita, anapokelewa kwa "Tumsifu Yesu Kristo" ya pamoja inayotikisa madirisha. Mwenzao akifiwa, darasa zima hupanda basi la shule likaenda msibani na sare zake, sista mbele, rambirambi kwenye bahasha. Ijumaa za Kwaresima kuna Njia ya Msalaba. Oktoba kuna rozari. Mtoto anayekulia katika mpangilio huo anajifunza kwamba siku ina mahali pa Mungu na pa jirani, na hilo halijifunzwi kwa kukariri.

Tatizo liko kwenye ukuta unaoitenga shule na mtaa wake. Ili kuuelewa ukuta huo inabidi kurudi nyuma, kwa sababu shule ya msingi ya Kikatoliki katika nchi hii ina babu wawili, na hawafanani.

Wa kwanza yuko Bagamoyo. Mapadre wa kwanza wa misheni hiyo walifika Zanzibar mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ikachukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 shirika hilo likavuka kwenda Bagamoyo chini ya Padri Antoine Horner. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wengine walionunuliwa katika soko la Zanzibar lililokuja kufungwa mwaka 1873. Walifundishwa sala, herufi, useremala, uhunzi na kilimo. Wakikua waliozeshwa na kupewa makazi katika kijiji cha Kikristo palepale misheni. Bweni lilikuwa la lazima. Mtoto aliyeibwa toka bara, asiyejua hata jina la mto wa kwao, angerudi nyumbani kwa nani jioni?

Babu wa pili alikuja misheni zilipopanda bara, kama Kilema huko Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1890. Huyu ni katekista na shule yake ya kigango: banda la miti na nyasi, ubao mmoja, wakati mwingine kivuli cha mti tu. Mwalimu alikuwa mtu wa palepale au wa kilima cha pili, mwenye shamba lake na mke wake anayejulikana. Watoto walifika asubuhi, wakasoma katekisimu na kuandika, na jua likipanda wakarudi kuchunga mbuzi. Alichofundisha katekista asubuhi kilisikika nyumbani usiku uleule, na bibi asiyetaka ubatizo alikuwa na nafasi ya kukibishia. Elimu yake ilikuwa hafifu, hilo halina ubishi. Lakini kati ya darasa na kijiji hapakuwa na geti.

Serikali ya Waingereza haikuvutiwa na mabanda hayo. Kuanzia miaka ya 1920 ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango chake, na Kanisa likalazimika kuchagua. Mwaka 1928 Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Westminster, aliwakusanya maaskofu Dar es Salaam akawaambia washirikiane na serikali kwa nguvu zote. Na pale wasipoweza kubeba kazi mbili, afadhali waache kidogo yale ya makanisa ili wakamilishe shule zao. Ushauri huo ulizaa matunda. Viongozi wengi wa uhuru walipitia madarasa hayo. Vilevile uliongeza pengo ambalo Waislamu wa nchi hii wamelilalamikia kwa haki: penye misheni palikuwa na shule, na pasipo na misheni mara nyingi palikuwa na ahadi tu.

Ndiyo sababu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule za madhehebu mikononi mwa Serikali, haikuwa uonevu kama baadhi ya wazee wa parokia wanavyoisimulia mpaka leo. Aliyekuwa Ikulu, Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki wa Misa ya kila siku, aliyewahi kufundisha St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu. Alijua anachukua nini. Kanisa lilibaki na seminari zake, na shule za msingi zikawa za kila mtoto, dini ikipewa kipindi chake katika ratiba. Masheikh na makatekista wakaingia kwa zamu, watoto wakagawanyika kwa nusu saa halafu wakarudi kukaa dawati moja.

Ikumbukwe pia Nyerere mwenyewe aliipataje imani. Shule yake ya msingi, Mwisenge ya Musoma, aliyoanza mwaka 1934, haikuwa ya misheni. Mafundisho aliyafuata Nyegina kwa mapadre Wazungu, kwa hiari yake, nje ya darasa, na alibatizwa Desemba 1943 akiwa mtu mzima. Anayedai kwamba bila shule ya Kanisa hakuna Mkatoliki imara ana kazi ya kueleza habari hiyo.

Mlango ulifunguliwa upya miaka ya 1990, hasa kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliyowakaribisha watu binafsi na mashirika. Majimbo na mashirika ya kitawa yakarudi kwenye shule za msingi, na yalichorudi nacho ni shule ya mchepuo wa Kiingereza, yenye ada, basi, sweta la rangi maalumu na, mara nyingi, bweni. Soko ndilo lililotaka hivyo. Serikali ilipofuta ada za shule zake za msingi mwaka 2001, na michango mwaka 2016, madarasa ya umma yalifurika, na mzazi mwenye uwezo kidogo akaanza kutafuta pa kumkimbizia mwanawe. Shule ya masista ikawa kimbilio, kwa Waislamu pia, ambao wengi huipeleka ada yao hapo bila wasiwasi kwa sababu wanaujua utaratibu wa masista.

Haki itendeke: shule hizo hazipati ruzuku ya wanafunzi ambayo Serikali inaipa shule ya umma. Mshahara wa mwalimu, chaki, maji na dizeli ya basi vyote vinatoka kwenye ada. Sista mkuu anayekaa na hesabu zake usiku hana fungu la siri. Hata hivyo matokeo yake yanaonekana kwa macho. Mhudumu wa kanisa anayefagia uwanja wa parokia Ijumaa jioni, ambaye jumuiya yake ilichanga tofali za darasa la kwanza la shule ile, mwanawe anasoma ng'ambo ya ukuta, katika darasa la umma lenye watoto wasiohesabika kwa haraka. Ule ukuta wa Bagamoyo ulijengwa kwa ajili ya watoto wasio na kwao. Leo unawatenganisha watoto wa parokia moja.

Machi 2023 Kamishna wa Elimu alipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, akisema watoto wa umri huo wanahitaji malezi ya wazazi. Wamiliki wengi wa shule walinung'unika, na wa dini walikuwemo. Safu hii ilitarajia Kanisa liwe la kwanza kushangilia, kwa kuwa ndilo limefundisha tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la elimu la Oktoba 1965, kwamba mzazi ndiye mlezi wa kwanza na shule humsaidia. Mafundisho hayo hayasemi kwamba shule humpokea mtoto Januari na kumrudisha Juni.

Zipo sababu halali za bweni, na mfano mmoja unatosha. Shule ya viziwi ya Tabora, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963 na ya kwanza ya aina yake nchini, iliwakusanya watoto ambao kijijini kwao hapakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza nao kwa ishara. Kwao kukaa pamoja ndiko kulikowapa jamaa. Mtoto wa Mbezi mwenye baba, mama, shangazi na bibi hayuko katika hali hiyo. Wazazi wake wana foleni ya barabarani na kazi nyingi, jambo zito lakini la namna nyingine.

Majirani Waislamu wamelitatua suala hili kwa ustadi ambao Wakatoliki wangeweza kuuangalia kwa makini. Mtoto anasoma popote, hata kwa masista, lakini saa kumi jioni anavaa kanzu au hijabu na kwenda madrasa ya mtaani, anakofundishwa na ustadhi anayemjua mama yake. Dini inabaki mtaani, na mtaa unamjua mtoto.

Kenya nayo ilikwenda njia yake. Sheria za elimu za huko ziliyageuza makanisa kuwa wadhamini wa shule za umma, na ile ya mwaka 2013 inampa mdhamini nafasi katika bodi na jukumu la malezi ya kiroho. Mivutano ipo kila mwaka, hasa juu ya uteuzi wa walimu wakuu. Lakini pale shule ya msingi inayoitwa kwa jina la mtakatifu inaweza kuwa shule ya kawaida ya kijiji, ya kutwa, ambayo watoto wa katekista na wa mwenye duka wanaifikia kwa miguu.

Hapa kwetu hakuna haja ya kungoja sheria. Jumuiya ndogo ndogo ni uamuzi wa maaskofu wa Afrika Mashariki wenyewe, uliotangazwa kuwa kipaumbele mwaka 1976 kupitia shirikisho lao, AMECEA, na Utoto Mtakatifu, utume wa watoto wa Kikatoliki ulioanzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy mwaka 1843, ulikusudiwa mtoto atoe sarafu yake mwenyewe kwa mtoto mwenziwe asiyemjua. Mchango huo ukishaingizwa kwenye ankara ya ada, kati ya basi na sweta, anayetoa ni baba, na mtoto hajui kama kuna kilichotoka. Sarafu iliyokosekana kwenye maandazi angeijua.

Shule ya Kanisa inaweza kuiacha Jumamosi asubuhi, hata kwa darasa la saba, na mtihani usianguke. Saa mbili za jumuiya hazijawahi kumfelisha mtu. Maandalizi ya Komunyo ya Kwanza yanaweza kurudi kigangoni, ambako mtoto wa ada na mtoto wa shule ya umma watakaa benchi moja mbele ya katekista mmoja. Na parokia ambayo ardhi yake ndiyo imebeba madarasa ina haki ya kuomba nafasi kadhaa kwa watoto wa waumini wake wasiojiweza, ada ikigawanywa kati ya jumuiya, shule na jimbo. Zipo parokia zinazofanya hivyo kimyakimya. Zinafaa kuigwa kwa sauti.

Kalenda za mwaka wa masomo hupangwa kabla ya Krismasi. Mwenyekiti wa kamati ya elimu wa Halmashauri ya Walei anaalikwa kwenye kikao hicho katika shule nyingi za parokia, na kwa kawaida anaulizwa maoni yake juu ya nauli ya basi. Mwaka huu aulize yeye kwanza, na aanze na Jumamosi.