Saba Saba Isiachiwe Wakubwa Peke Yao

Katika kibanda cha M-Pesa pale Kawangware 46, kalenda ya ukutani huonyesha Madaraka, Mashujaa na Jamhuri kwa wino mwekundu. Julai 7, yaani Saba Saba, ni nyeusi kama siku nyingine. Serikali haijaitangaza sikukuu, wala wakazi wa Kawangware na Kibera hawana sababu ya kungoja itangazwe.

Tarehe hiyo imebeba mengi. Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam Julai 7, 1954, na tangu 2022 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa Nairobi, hata hivyo, uzito wake ni wa 1990. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa jiji hili, waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi. Julai 4 wakakamatwa, na Raila Odinga hakuchelewa kufuata. Wananchi walikwenda hata hivyo, wakapokewa kwa marungu, vitoza machozi na risasi. Ghasia zikaenea hadi upande wa Dagoretti, iliko Kawangware. Watu wasiopungua 20 walikufa, zaidi ya 1,000 wakatiwa mbaroni. Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, na mwaka uliofuata wapiga kura wa Lang'ata, wakiwemo wa Kibera, wakampeleka Raila bungeni.

Matiba alifariki 2018, Rubia 2019, Raila Oktoba 15, 2025. Hao wameandikwa vya kutosha. Je, wale 20? Ni vijana wangapi wa Kibera wanaoweza kutaja hata jina moja?

Kusahau huku kuna madhara. Maandamano ya Saba Saba ya 2025 yaliacha watu zaidi ya 30 wamekufa kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, akiwemo msichana wa miaka 12 aliyepigwa risasi akiwa nyumbani kwao Kiambu. Wa 1990 wakiachwa wapotee, na hawa watapotea vivyo hivyo.

Kazi ya kuwakumbuka haihitaji msaada wa mbunge. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walipita vichochoro kwa miguu wakauchora mtaa wao kwenye ramani ya intaneti, mahali ambapo awali palikuwa patupu. Basi na wazichore siku zake pia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1990 sasa amepita 55, na simu ya mkononi yatosha kumrekodi. Kila kijana na akae na shosho wake au mzee wa ploti, aulize alikuwa wapi siku hiyo, nani hakurudi nyumbani, nani alizikwa wapi. Habari ithibitishwe na mtu wa pili, na familia ikikataa jina lisitajwe, lisitajwe. Kisha Pamoja FM, redio ya Kibera yenyewe, iombwe nafasi ya kuzisoma habari hizo kila Julai 7, na nakala ziwekwe maktaba ya umma mtaani. Walimu wa Kawangware nao wawape wanafunzi kazi hiyo hiyo kabla ya likizo ya Agosti.