Asiyeamini Naye Atibiwe

Katika gereza la Shawangunk, jimbo la New York, nchini Marekani, alikuwamo mfungwa asiyekiri kuwepo kwa Mungu. Wakuu wa gereza walimwekea sharti: akitaka kukaa faragha na jamaa zake wanapomzuru, basi ahudhurie mafunzo ya kuacha ulevi. Mafunzo yenyewe yalijengwa juu ya Hatua 12 za Alcoholics Anonymous, ambazo sita kati yake zinamtaja Mungu au nguvu iliyo juu ya mwanadamu. Mfungwa alipinga, akashitaki, na mwaka 1996 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikampa haki: serikali haina mamlaka ya kumfungia mtu fadhila kwa sharti la mafunzo ya kidini, bila ya kumpa njia nyingine isiyo ya kidini.

Wako wenzetu watakaoiona hukumu hiyo kuwa ni ushindi wa ukafiri. Sisi hatuioni hivyo. Ibada haisihi ila kwa nia, na dua inayotolewa ili mtu aonane na mkewe ni mazoezi ya unafiki. Aya ya 256 ya Suratul-Baqara imekwisha kukataza kulazimisha katika dini, wala haikumtoa mlevi katika hukumu hiyo.

Chama hicho kilianzia mjini Akron, Ohio, mwaka 1935, kwa Bill Wilson na tabibu Bob Smith. Kwa kuwa miongoni mwa wafuasi wa mwanzo walikuwamo wasioamini, maneno ya hatua hizo yalilegezwa, kila mtu akaachiwa amfahamu Mungu kwa namna yake. (Sisi tunaomjua Mola kwa majina Yake na sifa Zake, maneno hayo hayatutoshi, na mkanushaji nayo yanamkwaza. Hakuridhika huyu wala yule.) Ndipo wengine wakatafuta njia zao. Mwaka 1985 James Christopher alianzisha vikundi vya kuacha ulevi visivyo na dini, na mwaka 1994 ikaundwa SMART Recovery. Humo mraibu hufunzwa kuzinasa fikra zinazomvuta kwenye kileo, kuandika anachokipata na anachokipoteza, na kuistahimili hamu mpaka ipite. Aliyesoma milango ya muhasaba wa nafsi katika vitabu vya wanavyuoni wetu hataona ugeni mkubwa hapo.

Atasema msomaji: lakini njia ya Hatua 12 imethibiti kufaa. Ni kweli. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 na watu zaidi ya 10,000, yaliona kwamba mipango ya namna hiyo haikupitwa na tiba nyingine, na mara nyingi ilizishinda katika kumfanya mtu aache kabisa. Hata hivyo muumini asifanye haraka kushangilia. Waliochunguza sababu wameona kuwa sehemu kubwa ya nafuu hutokana na kubadili sahibu: mtu huwahama wanywaji akakaa na walioacha. Na sahibu mwema anamfaa hata asiyesali.

Turudi kwetu. Methadoni ilipoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, dawa ile iliondoa arosto ya mla unga bila ya kujali itikadi yake. Lakini nyumba za upataji nafuu kule Zanzibar zimezichukua Hatua 12 hizo hizo, na wakaazi wake wengi ni watoto wa Kiislamu. Je, kijana akisema humo kuwa imani imemtoka, atajibiwa nini? Tunachelea kwamba hatasema. Ataitikia amina ili asikose chakula na malazi, naye amekwisha kuishi miaka kwa uongo. Uongo ndio uliomnunulia unga.

Imamu Ghazali katika al-Mustasfa aliitaja akili miongoni mwa mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi. Bila ya akili hakuna takalifu, na hata wito wa imani haumpati wa kumwitikia. Basi kwanza akili irejee. Wanaosimamia nyumba hizo wamwachie kijana huyo akae katika kikao, afanye kazi za zamu pamoja na wenzake, na wakati wa dua anyamaze bila ya kusutwa. Sisi walimu tutamwendea akishatulia, naye akitaka kusikiliza tutasema. Asipotaka, hesabu yake iko kwa Mola wake, na kitanda chake kisichukuliwe.