Makapi ya mpunga Ruzizi: tunachoma mbolea, kisha tunaenda kuinunua

Ukipita Sange ama Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi, wakati wa mavuno, utaona vilima vya makapi nyuma ya mashini za kukoboa mpunga. Pumba laini inapata wanunuzi, wenye nguruwe na kuku. Makapi hayana mwenyewe. Yanachomwa hadi majivu, na moshi unaingia katika nyumba za majirani. Kisha mkulima yuleyule aliyeleta mpunga anatoa franka kununua mbolea iliyotoka ng'ambo. Hasara hii tunajitakia wenyewe.

Tuhesabu. Katika kilo 100 za mpunga, karibu kilo 20 ni makapi. Yakiungua polepole bila hewa nyingi, yanageuka makaa meusi, ambayo wataalamu wanaita bayochari. Makaa hayo yanasaidia udongo kushika maji na chakula cha mimea, tena yanadumu humo miaka mingi. Kazi yenyewe haihitaji kiwanda: bati lililotobolewa linakunjwa kama bomba, moto unawashwa ndani, makapi yanarundikwa kulizunguka. Yakiisha kuwa meusi, yanamwagiwa maji kabla hayajawa majivu.

Wengine watasema makaa pekee hayalishi mpunga. Ni kweli. Yakiwekwa matupu yanaweza hata kunyonya azoti ya udongo kwa muda. Ndiyo maana yanachanganywa kwanza na samadi ya ng'ombe au mbuzi, yanaachwa majuma kadhaa, ndipo yanapelekwa shambani. Wala si kila taka inafaa: mchanga wa dhahabu wenye zebaki haugeuki mbolea kwa kuchomwa.

Sheria n° 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inaipa serikali, jimbo na uongozi wa chini jukumu la kusimamia taka. Viongozi wanaojua njia ya kwenda kwenye mashini siku ya kodi, waijue pia siku ya moshi. Wakataze kuchoma ovyo, na sehemu ya kodi hiyo inunue mabati.

Wenye mashini, waachieni wakulima makapi bure. Na ninyi wakulima, msingoje semina. Msimu ujao, kila kikundi kitenge vipande viwili vya shamba, kimoja chenye makaa na samadi, kingine chenye samadi tu. Siku ya mavuno tutapima, na mzani utatuamulia.