Saa ya babu haipigwi rangi!

Nimerudi mjini jana usiku kutoka nyumbani Njombe. Baridi bado iko mifupani na nina hasira kidogo. Naomba niimalizie hapa.

Chanzo ni saa ya mkono ya marehemu babu. Ni Seiko 5, zile zisizotumia betri, zinajijaza zenyewe mkono unapotingishika. Babu aliinunua kwa fedha ya reli. Alianza kama kibarua wa TAZARA na akabaki kwenye matengenezo ya njia mpaka alipostaafu. Mnakumbuka historia: ujenzi ulianza 1970, na reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa 1976. Saa imeona mengi. Ubavuni ina mabonde ya nyundo. Uso uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na karibu na kidirisha cha siku na tarehe kuna doa la maji.

Basi familia ikakaa kikao. Baba mdogo akapendekeza saa ipelekwe Dar, ipigwe msasa, uso upakwe rangi mpya, mishale ibadilishwe, "iwe kama imetoka dukani", halafu akabidhiwe mjukuu wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasema hapana. Nikaambiwa vijana wa siku hizi tumesoma mpaka tunapenda uchakavu.

Naomba kujibu, kwa heshima zote.

Kwanza nakiri kosa langu. Mwaka 2019 niliipeleka saa ya marehemu baba kwa fundi mmoja Dar. Baada ya wiki nikarudishiwa inameta. Jina lililoandikwa usoni limekaa upande, herufi nene kama za kibao cha genge. Nikampelekea mama. Akaitazama, akaigeuza, akaniuliza: "Na ya baba yako iko wapi?" Tangu siku hiyo iko kwenye droo. Inatembea vizuri tu, ila hakuna anayeivaa.

Rangi ya zamani ilikwanguliwa na imekwisha. Hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Hapo ndipo nilipojifunza kanuni yangu, na ndiyo hoja yangu yote leo: KISICHOWEZA KURUDISHWA, USIKIGUSE.

Msinielewe vibaya. Mimi si wa "acha kila kitu kama kilivyo". Mashine iliyomo humo ni aina ya 6119, inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde. Oili ikikauka, chuma kinasaga chuma. Kuivaa hivyo hivyo kwa kisingizio cha kutunza historia ni kuiua taratibu. Isafishwe, itiwe oili, mpira wa kuzuia maji ubadilishwe, hata mkanda. Kioo kikipasuka weka kingine, cha zamani kihifadhi kwenye bahasha. Hayo yote hayafuti kitu. Msasa na rangi vinafuta.

Wakati wa kurudi nikashuka Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoungana na ile kuu ya Mbeya. Kuna fundi saa mzee, ana kibanda kidogo na meza ya kioo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Akafungua kifuniko cha nyuma, akabandika lenzi jichoni, kisha akanyamaza. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mikwaruzo midogo mitatu: 4/79, 11/86, 2/94, kila mmoja na herufi zake. Mafundi huweka alama hivyo wanapofanyia saa sevisi. Akaniwekea kidole kwenye ule wa katikati. "Huu ni wangu." Akacheka. "Huyo mzee alilalamika saa inachelewa dakika nne. Akasema treni haimsubiri mtu."

Wadau, nilikosa la kusema. Maneno ya babu nimeyakuta kwenye kibanda cha stendi, zaidi ya miaka 30 baadaye, kwa sababu tu hakuna aliyekisugua kile kifuniko.

Upande wa nje wa kifuniko kuna namba. Kwa saa hizi, tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Ya babu inaanza na 52, na kwa mashine hii hiyo ni Februari 1975. Piga msasa, cheti cha kuzaliwa kimekwenda.

Na wenzetu? Machi 2009 makumbusho moja Washington ilifungua saa ya mfukoni ya Abraham Lincoln. Ndani wakakuta ujumbe uliochongwa na fundi Jonathan Dillon mwaka 1861, vita ilipoanza. Lincoln mwenyewe hakujua! Oktoba 2017 Rolex ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa dola zaidi ya milioni 17. Nyuma yake mkewe alikuwa amechongesha maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Sisi tungeyasugua yang'ae.

Wapo watakaosema saa ni chombo, si kaburi. Sawa. Ukinunua mtumba usio na historia, paka hata rangi ya waridi, ni mali yako. Ila usituuzie ukisema ni "orijino". Mtandaoni zimejaa Seiko 5 zilizopakwa nyuso mpya za rangi kali, wakusanyaji wanaziita za Mumbai. Huko ni kuchakachua. Na zile za kale zaidi zenye rangi ya kung'aa gizani, hasa za kabla ya miaka ya 1960, nyingi zina radiamu. Wasichana wa viwanda vya saa Marekani waliugua na kufa kwa rangi hiyo miaka ya 1920. Fundi wako akiikwangua, vumbi analivuta yeye.

Baba mdogo, najua unasoma. Najua unachotaka ni heshima kwa babu, nami nataka hiyo hiyo. Lakini mabonde yale aliyatengeneza yeye, kazini. Ukiyanyoosha, mjukuu atapokea saa nzuri ya mtu asiyejulikana.

Nimeiacha Makambako isafishwe ndani. Mzee aliponiuliza kuhusu uso nikamwambia auache. Akajibu, "Afadhali, maana ningekuharibia." Nitaifuata mwezi ujao, na kifuniko kitakuwa na mkwaruzo wa nne.

Naomba kutoa hoja.